Daftari la Mvua la Kwemvumo

Hapo zamani, na si zamani ile ya fisi na sungura, ni zamani ya juzi tu, ya karatasi za kaboni na barua zilizochukua wiki tatu kufika, palikuwa na kituo cha mvua juu ya kilima kiitwacho Kwemvumo. Sogeeni karibu, kwa maana hadithi hii sitaimaliza mimi. Mtaimaliza ninyi, na jinsi ninavyowajua, mtagombana.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya mabati ya vyumba vinne, shamba dogo la maharage na uwanja uliozungushiwa seng'enge. Katikati ya uwanja kulikuwa na kipimamvua, yaani mkebe wa shaba uliozamishwa ardhini, mdomo wazi ukitazama juu. Basi, hakuna kingine. Chuo kikuu kizima, na maprofesa wake na majoho yao, kiliringia mkebe huo. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu alitoka, akamimina maji kwenye bilauri ya kupimia, akasoma milimita, akaandika katika daftari kubwa lenye jalada la kijani, akatia sahihi. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Miaka arobaini, hivyo hivyo.

Aliyeanzisha kituo hicho alikuwa Bibi Nakijwa, mwalimu wa elimu ya hali ya hewa, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mvua hata kiangazi. Alikuwa na sheria moja, na kila mwanafunzi mpya aliikariri kabla hajaonyeshwa kitanda chake.

"Mvua isiponyesha, andika sifuri," alikuwa akisema. "Usipoangalia, piga mstari. Sifuri ni kusema nilikwenda, nikatazama, sikukuta kitu. Mstari ni kusema sikuwepo. Asiyejua tofauti ya hayo mawili akasomee kitu kingine, vitu viko vingi."

Bibi Nakijwa hakuwa na mtoto. Nyumba yake ya mjini aliitoa iwe ya kusomeshea watu, na ufadhili huo ukabeba jina lake. Kila baada ya miaka mitatu, mwanafunzi mmoja aliyemaliza shahada ya uzamili kwa kukaa Kwemvumo alipelekwa ng'ambo kusomea uzamivu, bila kutoa chochote mfukoni. Hati ya ufadhili ilikuwa na sentensi moja tu ya masharti: Apewe mmoja, yule aliyelitumikia daftari la mvua vizuri kuliko wenzake. Haikusema mwenye alama za juu. Haikusema mwenye shida zaidi. Ilisema mmoja, na jina lisipopelekwa kabla ya Agosti mosi, nafasi ya mwaka huo inapotea.

Wa kwanza kupata ufadhili huo, Bibi mwenyewe akiwa hai, alikuwa kijana aliyeitwa Senkondo. Alikwenda, akasoma, akarudi, akafundisha hadi nywele zikawa nyeupe. Mwaka wa hadithi yetu yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na Julai ileile alikuwa anastaafu. Wajumbe wenzake wawili walimwambia, "Mwalimu, wewe ndiye umelala Kwemvumo. Sisi tunapaogopa hata kupanda. Andika jina, tutatia sahihi." Ndivyo wasomi wanavyokimbia kazi, kwa heshima kubwa.

Basi tarehe thelathini Julai Mwalimu Senkondo akapanda Kwemvumo, yeye na mkewe Saumu, ambaye kwao ni kijiji kilicho chini ya kilima hicho. Gari la idara liliwashusha na kuahidi kurudi kesho yake saa tatu kuchukua fomu. Mwalimu akasimama uwanjani. Harufu ya moshi wa mkaratusi ilikuwa ileile. Bawaba ya mlango ililia vilevile. Meza ya mbao ya mpodo, ambayo juu yake aliandika tasnifu yake kwa taa ya chemli, bado ilikuwa na alama ya duara aliyoiunguza kwa sufuria ya uji. Aliigusa kwa kidole, akajikuta anataka kulia, akasingizia moshi. Ujana wake wote ulikuwa umebaki katika chumba kile na yeye alikuwa amekuja na fomu.

Wanafunzi walikuwa watatu. Hiza Shekolowa, mtoto wa milima hiyo hiyo, mtaratibu, mwenye mikono mikubwa. Kokushubira, wote walimwita Koku, kutoka Bukoba, aliyekuwa akihesabu hata ngazi anazopanda. Na Ponsiano Haule kutoka Mbinga, mwenye akili nyepesi na maneno mengi, aliyependa mpira kuliko chakula. Walikaa mwaka mzima kituoni, Julai hadi Juni, kwa zamu za wiki moja moja. Kila mmoja aliandika tasnifu yake, lakini daftari lilikuwa moja, na chungu kilikuwa kimoja, na waligombana juu ya chumvi kama watu wa nyumba moja. Mwalimu aliwatazama wakimpangia viti, akawaonea wivu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, wanangu. Mnajua kilichonileta. Nitawasikiliza mmoja mmoja, lakini wote mkiwa hapa. Sitaki mtu asemwe nyuma ya mlango. Hiza, anza wewe."

Hiza akakohoa. "Mwalimu, mimi nimelitumikia daftari kwa kukaa. Mwaka mzima nimeshuka mara moja tu, Septemba, nilipokwenda na Koku kujiandikisha chuoni. Idi zote mbili nilikuwa hapa. Wenzangu wakitaka kushuka, nilishika zamu zao. Ukihesabu sahihi, siku mia mbili na saba ni zangu."

"Nimehesabu. Ni kweli."

"Lakini kuna tarehe kumi na nne Aprili."

"Ieleze."

"Ilikuwa zamu yangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu magharibi, kubwa, sijawahi kuiona. Saa moja asubuhi nikasikia kilima kinanguruma. Udongo uliporomoka ukaifunika nyumba ya Mama Zaina, hapo chini. Watu wakapiga yowe kila mtu alete chombo, tope lilikuwa maji matupu, jembe halishiki. Hapa kituoni vyombo vyetu vilikuwa viwili, sufuria na mkebe wa kipimamvua. Sufuria nikampa jirani. Mkebe nikaung'oa, nikamwaga maji yaliyokuwamo, nikakimbia nao. Tulichota tope kwa mkebe ule. Tulimtoa Mama Zaina na watoto wake wawili, wazima."

Mwalimu akauliza, kwa sababu ilimpasa kuuliza. "Ungeyapima kwanza yale maji, ingekuchukua muda gani?"

"Nusu dakika, Mwalimu."

"Na hukupima."

"Sikupima. Bilauri ilikuwa palepale dirishani, niliiona. Mvua kubwa kuliko zote katika miaka arobaini, nimeimwaga kwenye nyasi. Wakati mwingine najiambia nusu dakika isingemuua mtu. Wakati mwingine najiambia ningeanza kufikiria nusu dakika, ningekuwa mtu wa namna gani."

Akakaa. Mwalimu akamgeukia Koku.

"Mwalimu, mimi nimelitumikia daftari kwa kuliokoa," akasema Koku. Hakuwa mtu wa kuzunguka. "Siku hiyo nilikuwa mjini. Niliposikia barabara imekatika nilipanda kwa miguu, nikafika saa sita. Nikakuta shimo, mkebe haupo, daftari liko wazi na halina kitu. Nikafikiri. Mvua iliponyesha haikuchagua mkebe wetu, ilinyesha kwenye kila chombo kilichoachwa nje. Nikachukua rula, nikaenda upande wa pili wa kijiji, ambako nyumba zilikuwa salama. Nilitaka madebe na sufuria tu, vyombo vyenye kuta zilizonyooka, kwa sababu humo kina cha maji ndicho kipimo chenyewe. Kila mama nilimuuliza: kilikuwa kitupu jana jioni? Kilikuwa mbali na paa? Kuna aliyechota? Nilipima vyombo ishirini na vitatu, nikakataa kumi na viwili. Vilivyobaki vilinipa milimita mia moja arobaini na moja. Nikaandika, na pembeni nikaeleza nilivyoipata."

"Na kipimamvua cha ofisi ya misitu ng'ambo ya bonde kilipata ngapi?"

"Mia moja thelathini na nane."

Mwalimu akatingisha kichwa. Katika maisha yake yote ya kufundisha hakuwahi kusikia kazi nzuri kama hiyo, na alimwambia hivyo. Lakini Koku hakutabasamu.

"Hujaniuliza swali langu, Mwalimu. Umemuuliza Hiza lake."

"Swali gani?"

"Nilipopita na rula, Babu Shekiondo, ambaye nyumba yake nayo ilifunikwa, alikuwa bado hajatolewa. Walikuwa wanachimba. Niliwaona, nikapita. Nilijiambia mikono iko mingi pale na mimi ni mmoja, na baada ya saa moja akina mama watakuwa wamemwaga maji yote na mvua ile ya huku kwetu haitajulikana kamwe. Alasiri walimtoa, amekwisha fariki. Tangu siku hiyo binti yake haitikii salamu yangu. Mikono yangu isingemrudisha, daktari alisema alikufa palepale. Ila wakati napita sikulijua hilo."

Zamu ikawa ya Ponsiano, na hapo mambo yakaharibika.

Ponsiano, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alikaa akitazama mikono yake. Mwalimu alijua kwamba tasnifu yake ndiyo iliyopewa nafasi ya kwanza na wasahihishaji. Alimtarajia kujisifu kidogo, na alikuwa tayari kumsamehe.

"Mwalimu, mimi nimelitumikia daftari kwa uongo," akasema. "Septemba, wenzangu walipokwenda kujiandikisha, nilibaki peke yangu. Kulikuwa na mechi mjini. Nikashuka. Nikarudi kesho yake saa kumi jioni. Mbingu ilikuwa nyeupe, vumbi tupu, mkebe mkavu. Nikaandika sifuri ya saa tatu, nikatia sahihi. Tarehe kumi na sita."

Koku akainua uso. "Tarehe kumi na sita Septemba?"

"Ndiyo, dada."

"Ponsiano, sura yangu nzima ya tatu ni kiangazi cha Septemba. Siku thelathini na moja mfululizo bila tone, Septemba mosi hadi Oktoba mosi. Nimeandika kwamba hakijawahi kutokea kiangazi kirefu hivyo tangu kituo kianze. Tarehe kumi na sita iko katikati."

"Najua."

"Asubuhi ya huku juu huwa na manyunyu ya ukungu. Jua likitoka mkebe unakauka. Unajua."

"Najua, dada. Ndiyo maana leo asubuhi nimeifuta sifuri kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari, nikaandika sababu na jina langu."

"Miezi kumi tunakula chungu kimoja."

"Miezi kumi," akasema Ponsiano. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Hakuna aliyeniona. Wasahihishaji waliponiandikia kwamba mimi ni wa kwanza, nilijua ufadhili unakuja kwangu. Sheria ya Bibi niliikariri kama wote. Ningeondoka na ile sifuri, ningekwenda kusoma ng'ambo juu yake. Sasa daftari lina pengo, lakini hakuna ndani yake neno la uongo. Kwa hilo nimelitumikia, ingawa nimechelewa, na ingawa aliyeumia ni Koku kuliko mimi. Ukiniuliza kama nautaka ufadhili, nautaka sana. Baba ameuza kahawa ya misimu miwili nifike hapa. Sitajifanya mtawa."

Koku akatoka nje. Hiza akamfuata. Ponsiano akabaki, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Mwalimu alisubiri Ponsiano amalize, aende chumbani kwake. Jua lilikuwa bado halijazama. Akaenda kwenye rafu, akashusha daftari la zamani sana, jalada limekwisha kuwa jeusi kwa mikono, akalifungua. Huo ulikuwa mwandiko wake, wa ujana, wenye mikia mirefu ya kujionyesha. Akapekua hadi Agosti, tarehe saba. Sifuri, na sahihi yake.

Saumu, aliyekuwa ameyasikia yote kutoka jikoni, akaingia na chai. "Mbona umeinama hivyo?"

"Unakumbuka siku ya gulio, ile ulipokuwa unauza plamu, nikakaa nawe mpaka jua likazama?"

"Ulinunua plamu kikapu kizima, ukasema ni za rafiki zako. Rafiki gani? Ulikuwa hapa peke yako." Saumu akacheka, kisha akaona uso wa mumewe, akaacha. "Kuna nini?"

"Nilishuka alfajiri nikuwahi. Saa tatu sikuwepo hapa. Niliporudi niliandika sifuri."

Saumu akakaa polepole. Naye alikuwa ameisikia sheria ya Bibi Nakijwa. Nani pale kilimani hakuisikia? "Sasa unanilaumu mimi na plamu zangu?"

"Sikulaumu. Ile ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizoishi kwenye kilima hiki. Lakini Bibi aliponipa ufadhili aliniandikia barua. Alisema, nimekupa wewe kwa sababu daftari lako halina hata mstari mmoja." Akalifunga daftari. "Nilifikiri nitamwambia nikirudi. Nikarudi, nikakuta amezikwa. Nikafikiri basi, imepita. Miaka thelathini nimewafundisha watoto tofauti ya sifuri na mstari. Leo mtoto wa miaka ishirini na sita amefanya nisichoweza."

"Basi mpe yeye."

"Nikimpa, nampa yeye au najisamehe mwenyewe?"

Saumu akamimina chai. "Basi mpe Koku. Ametendewa ubaya, na akili ile haionekani kila siku."

"Binti wa Shekiondo anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa mama yako. Utamwambia nini?"

"Basi Hiza. Zaina na mdogo wake wako hai."

"Hati inasema aliyelitumikia daftari, Saumu. Haisemi aliyewatumikia watu. Bibi angetaka kusema hivyo angesema, maneno hayakumshinda."

"Bibi yako alikuwa amelala siku kilima kiliporomoka," akasema Saumu, "kaburini mwake. Hakuandika hati yake akiwa na tope magotini." Akachukua kikombe chake, akaenda kwa mama yake.

Asubuhi palikuwa na ukungu. Mwalimu aliamka mapema, kama alivyokuwa akiamka zamani, akakaa mezani na fomu. Kupitia dirishani aliwaona wote watatu uwanjani. Mwaka wao wa kituo ulikuwa umekwisha, hapakuwa na aliyewalazimisha, na bado saa tatu iliwakuta kwenye mkebe. Hiza aliunyanyua, Koku akashika bilauri, Ponsiano akashika daftari. Koku akasoma kwa sauti, "Sifuri nukta mbili." Ponsiano akaandika. Hawakutazamana, lakini alipomaliza, Koku alichungulia kuona kama ameandika sawasawa, na aliporidhika akamrudishia kalamu iliyomponyoka. Mwalimu aliwatazama, na moyo ukamuuma kwa mapenzi, na kwa miaka yake mwenyewe iliyokwisha kupita pale. Alitaka kuwapa wote. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja.

Gari likapiga honi chini ya kilima. Mwalimu Senkondo kwanza aliandika barua fupi kwa wajumbe wenzake, akawaeleza kuhusu tarehe saba Agosti ya ujana wake, na akawaambia kwamba wakiona hafai kuamua, waichane fomu. Alijua wakiichana nafasi itapotea, kwa sababu kesho yake ilikuwa Agosti mosi. Kisha akavuta fomu, akaandika jina. Dereva akachukua fomu na barua, akashuka navyo. Wajumbe waliisoma barua, wakatia sahihi.

Jina nalijua. Sisemi. Kila nilipoisimulia hadithi hii na kulitaja, nusu ya watu waliondoka wamenuna. Binti wa Shekiondo angekujibu mara moja, na Mama Zaina angekujibu mara moja, na majibu yao yasingelingana.

Basi ninyi mliokaa kimya tangu mwanzo, sasa semeni. Yuko Hiza, aliyelinda daftari siku mia mbili na saba, na siku iliyohitajika kuliko zote akayamwaga maji ili atoe watu. Yuko Koku, aliyeirudisha mvua iliyokwisha kumwagwa, akapita mbele ya mtu aliyefukiwa. Yuko Ponsiano, aliyedanganya pasipo kuonwa na mtu, akasema kweli pasipo kulazimishwa na mtu, na kweli yake ikamuumiza mwenzake. Bibi Nakijwa alitaka mmoja. Kalamu ingekuwa mkononi mwako asubuhi ile, nani alistahili?